Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Atomu: Chumvi Nayo Ina Hesabu Zake

Kwa Kamishna Mkuu wa Nishati ya Atomu, Kinshasa,
Kwa wakuu wa vitivo vya sayansi vya Vyuo Vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kalemie,

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Ankoro, pale Luvua inapoingia Lualaba, katika eneo la Manono. Kazi yangu ni kufundisha fizikia sekondari. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili mwenye shughuli nyingi asihangaike kulitafuta: undeni kikundi cha vijana wa Kongo, hata wakiwa watano tu, wajifunze kupiga hesabu za jinsi mionzi inavyouharibu mwamba unaotunza taka za nyuklia. Na waanze na mwamba wa chumvi.

Jibu litakalotangulia nalijua. Kongo haina ghala la taka za nyuklia lililochimbwa ndani ya chumvi. Watu wa Ankoro wanadai barabara, dawa na umeme. Hakuna aliyewahi kudai hesabu za fuwele. Chumvi wanayoijua ni ile ya chunguni na ya kukaushia samaki. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo nawaomba mnivumilie, kwani hayaliondoi ombi langu.

Kwanza, jiwe lilitoka kwetu. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi huko Katanga, iligunduliwa mwaka 1915. Katika miaka ya 1920 madini hayo yalivushwa hadi Olen, Ubelgiji, yakakamuliwa radiamu iliyouzwa duniani kote, na mabaki yake yakaachia eneo hilo taka ambazo Wabelgiji wanahangaika nazo hadi leo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, alipeleka New York takriban tani 1,200 za madini hayo. Yalikaa ghalani kisiwani Staten Island hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua kwa ajili ya bomu. Utajiri wake ulikuwa wa ajabu: madini mengi ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani kwa kiasi cha asilimia 65, wakati kwingineko wachimbaji hufurahia hata asilimia moja. Masalia ya usafishaji wake, yenye radiamu nyingi, yalirundikwa karibu na Niagara na huko Fernald, Ohio. Yale ya Fernald yalihamishiwa baadaye Texas. Radiamu-226 hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Kwa maneno mengine, udongo wa Katanga utaendelea kulindwa na wageni kwa muda mrefu kuliko ufalme wowote uliowahi kusimama kati ya Lualaba na Lomami.

Pili, hata nyumbani tunazo zetu. TRICO I, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kwa juhudi za Monsinyori Luc Gillon. TRICO II kikafuata mwaka 1972, na kimezimwa tangu 2004. Kukizima kinu si kuizima mionzi ya mafuta yake. Tena mazungumzo ya kuchimba urani upya hayajafa: Machi 2009, Rais Sarkozy wa Ufaransa alipozuru Kinshasa, kampuni ya Areva ya nchi hiyo ilitia saini makubaliano ya kutafuta na kuchimba urani nchini mwetu. Makubaliano ya namna hiyo yatakuja tena. Yatakapokuja, kutakuwa na ukurasa mmoja unaosema kwamba taka zitatunzwa salama, na nyuma ya ukurasa huo kutakuwa na hesabu. Swali langu ni nani upande wetu wa meza atakayeweza kuzisoma hesabu hizo na kuuliza walipozitoa.

Kwa nini basi chumvi? Kwa sababu ndio mwamba wa kwanza kupendekezwa, ndio uliopigiwa hesabu kwa muda mrefu, na ndio unaoonyesha wazi hesabu inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini. Mwaka 1957 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyoiona chumvi kuwa mwamba wenye matumaini kuliko mingine. Sababu zake zinaeleweka na mwanafunzi wa sekondari. Tabaka la chumvi lililodumu mamilioni ya miaka ni ushahidi kwamba maji hayakulifikia, maana yangelifikia lingeyeyuka. Chumvi hupitisha joto vizuri kuliko miamba mingi. Na chini kabisa, ikielemewa na uzito wa ardhi, hutambaa polepole na kuziba matundu yake yenyewe. Ghala la Carlsbad, New Mexico, lililofunguliwa mwaka 1999, limechimbwa mita 655 chini ya ardhi, katika chumvi yenye umri wa miaka milioni 250 hivi.

Sasa tuingie ndani ya fuwele. Chumvi ni sodiamu na klorini zilizojipanga kwa zamu, mstari kwa mstari, kama wanafunzi waliokalishwa mvulana, msichana, mvulana, msichana. Mionzi ya gama ikipita huzitikisa elektroni, na nishati hiyo inapotulia, mara nyingine huisukuma klorini ikatoka kwenye kiti chake. Kiti hakibaki kitupu: elektroni inakuja kukikalia. Elektroni hiyo hunyonya sehemu ya mwanga, na chumvi iliyokuwa nyeupe hugeuka manjano, kisha kahawia. Halijoto ikiruhusu, huwa buluu iliyokolea. Buluu hiyo hupatikana hata katika machimbo ambayo hayajaona taka yoyote, hasa pale chumvi inapolala jirani na madini ya potasiamu, kwa kuwa sehemu ndogo ya potasiamu yenyewe hutoa mionzi.

Rangi haidhuru mtu. Kinachofuata ndicho cha kuangaliwa. Mwamba ukiwa na joto la kadiri, viti vilivyokaliwa na elektroni huhamahama na kukutana. Vinapokusanyika pamoja, mahali hapo hapana klorini tena. Pamebaki sodiamu tupu, metali laini, kwa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Klorini zilizofukuzwa nazo hukusanyika kwingine, zikawa gesi iliyobanwa ndani ya jiwe. Ndani ya kipande kimoja cha chumvi kunakuwa na sodiamu huku na klorini kule, vitu viwili ambavyo vikikutana huungana kwa moto.

Moto wa kiasi gani? Hesabu hii nimeifanyia ubaoni na wanafunzi. Kilo moja ya chumvi ina moli 17 hivi, na kila moli ya sodiamu na klorini ikiungana hutoa kilojuli 411. Ikiwa asilimia moja tu ya chumvi imetengana na kisha ikaungana tena kwa ghafla, kilo hiyo itapata kilojuli 70, na joto lake litapanda kwa digrii 80 hivi. Hilo mwamba unalistahimili. Ikiwa ni asilimia 10, nishati ni mara kumi, na joto linakaribia lile la kuyeyusha chumvi yenyewe, digrii 801. Kwa hiyo ugomvi wote wa kitaalamu unasimama juu ya swali moja: ni asilimia moja, chini ya hapo, au kumi?

Swali hilo halijibiwi kwa kungoja. Mionzi mikali ya taka hizo hutoka zaidi kwa sesiamu-137, ambayo hupungua nusu kila miaka 30. Baada ya miaka 300 imebaki moja ya elfu. Hakuna maabara inayongoja miaka 300. Watafiti huipiga chumvi kwa wiki au miezi dozi ambayo ghala lingeitoa kwa karne. Lakini dozi iliyoharakishwa si sawa na dozi iliyotolewa taratibu, maana atomu zinazosukumwa polepole hupata nafasi ya kurudi zilikotoka, au ya kuhamia kwingine. Ndiyo maana bila kielelezo cha hesabu, majaribio yote yale hayasemi lolote kuhusu ghala halisi.

Mwaka 1977 U. Jain na A. B. Lidiard, waliofanya kazi katika kituo cha Harwell, Uingereza, walichapisha kielelezo kilichokuja kuwa msingi wa kazi nyingi zilizofuata. Mantiki yake ni ya wazi. Hesabu klorini zinazofukuzwa kila sekunde. Toa zile zinazorudi na kujaza viti vyake, ambazo ni nyingi mno. Fuatilia zilizobaki: klorini hutembea haraka na kunaswa kwenye kasoro za fuwele, viti vyenye elektroni hutembea pole na kujiunga na vipande vya sodiamu, na vipande hivyo navyo huyeyuka joto likizidi. Milinganyo hiyo ikitatuliwa huonyesha jambo ambalo mtu asingelibahatisha: hatari iko katikati. Chumvi baridi haina mwendo wa kukusanya chochote. Chumvi yenye joto kali hujiponya. Joto linalozidi lile la maji yachemkayo kwa kadiri ndilo baya katika majaribio ya kasi. Na ukiipunguza kasi ya mionzi, joto hilo baya nalo hushuka. Mhandisi anayepanga umbali kati ya pipa na pipa ndani ya mgodi anahitaji kulijua hilo, kwani umbali ndio unaoamua joto.

Waheshimiwa, milinganyo hiyo haihitaji kinu wala fedha za wafadhili. Kompyuta ya kawaida inaitatua. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua chumvi kuwa shule yetu.

Sababu ya pili ni kwamba kielelezo hicho kilizua mabishano, na mabishano ndiyo yanayomfundisha mtu sayansi. Uholanzi ina chumvi nyingi chini ya mikoa yake ya kaskazini na iliwahi kufikiria kuitumia. Katika Chuo Kikuu cha Groningen, kundi la H. W. den Hartog lilipiga chumvi kwa dozi kubwa sana, likaripoti vipande vilivyotengana kwa zaidi ya asilimia 10 na hata milipuko ndani ya sampuli. Liliongeza vipengele kwenye kielelezo cha Jain na Lidiard, likaonya kwamba cha awali kilipunguza hatari. Wengine, wakiwemo wataalamu wa kituo cha Petten katika nchi hiyohiyo, walijibu kwamba ghalani mambo yatakuwa madogo zaidi. Mionzi ya gama hupungua nusu kila sentimita chache za chumvi, kwa hiyo madhara makubwa hubaki kwenye ganda jembamba kulizunguka pipa. Na pipa nene la chuma hulipunguza hata ganda hilo. Watafiti wa miamba, wakiwemo wa Utrecht, walileta hoja nyingine: chumvi ya asili ina matone ya maji yaliyofichama kati ya punje zake, na maji hayo huifanya chumvi iliyoharibika ijiumbe upya, kasoro zikafutika. Fuwele safi ya maabara haina matone hayo.

Mtu akiniuliza nasimama wapi, nitamjibu kwamba hoja za ganda jembamba na za matone ya maji zinanishawishi. Pipa likiwa nene na taka zikipozwa miaka ya kutosha kabla ya kuzikwa, sioni mlipuko ukilivunja ghala. Lakini ona: nimeweza kusimama mahali kwa sababu hoja zimewekwa wazi, zikabishaniwa. Mkataba haubishaniwi namna hiyo.

Na hapa pana somo ambalo fuwele haiwezi kulifundisha. Maghala ya chumvi yaliyopata shida duniani hayakuharibiwa na sodiamu wala klorini. Huko Lyons, Kansas, Wamarekani walifanya jaribio zuri kati ya 1965 na 1967, wakiweka mafuta ya nyuklia yaliyotumika ndani ya mgodi wa zamani na kupima kila kitu. Chumvi ilifaulu mtihani. Mwaka 1970 serikali ikatangaza kwamba ghala la taifa litajengwa hapo. Kumbe ardhi ya karibu ilikuwa imetobolewa na visima vya zamani vya mafuta na gesi, na kampuni ya chumvi ya jirani ilikuwa imesukuma maji mengi chini ya ardhi yasijulikane yalikokwenda. Wanajiolojia wa jimbo lenyewe la Kansas ndio waliosimama kupinga, na kufikia 1972 mradi ukafa.

Wajerumani walipata hasara zaidi. Mgodi wa Asse, katika Saksonia ya Chini, ulipokea mapipa yapatayo 126,000 ya taka za mionzi midogo na ya wastani kati ya 1967 na 1978, kwa jina la utafiti. Humohumo walifanya majaribio makini ya joto na mionzi kwenye chumvi. Lakini wachimbaji wa zamani walikuwa wameacha vyumba karibu mno na ukingo wa chumvi, na tangu 1988 maji yanaingia, kiasi cha mita za ujazo 12 kwa siku. Mwaka 2008 wananchi walikuja kujua kwamba humo ndani kulikuwa na maji ya chumvi yenye sesiamu. Mwaka 2010 ikaamuliwa mapipa yatolewe yote, kazi ambayo itachukua miongo. Carlsbad nako, Februari 2014, pipa lilipasuka kwa sababu ya unga wa choo cha paka wa aina isiyofaa uliochanganywa na taka kabla hazijafika mgodini. Ghala lilifungwa karibu miaka mitatu.

Kwa hiyo simuombi mtu aiabudu hesabu. Hesabu ya Jain na Lidiard hujibu swali lililoulizwa. Kisima kilichosahaulika na mchimbaji wa mwaka 1920 havimo ndani ya milinganyo, na anayeijua milinganyo vizuri ndiye wa kwanza kuliona hilo.

Katanga ina neno lake katika jambo hili. Watu wa Lufira wamechemsha chumvi kutoka chemchemi za Mwashia tangu zamani sana, na wafalme wa Waluba walijenga nguvu zao kwa kusimamia biashara ya chumvi na chuma. Mwaka 2003 wanajiolojia, M. P. A. Jackson na wenzake, walitoa hoja kwamba miamba iliyovurugika ya ukanda wetu wa shaba, ile iliyovunjwavunjwa na kuchanganywa kama imepigwa nyundo, ilibebwa na chumvi nene iliyosukumwa juu zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Chumvi hiyo ikayeyuka yote. Shaba, kobalti na urani ya Shinkolobwe viko ndani ya miamba hiyohiyo. Ikiwa hoja yao ni sahihi, Katanga ni mahali ambapo chumvi imeondoka na urani imebaki. Naharakisha kusema kwamba muda wa ghala ni mfupi mno ukilinganishwa na muda huo, na milima ya wakati ule ilikuwa ikisukumana. Hata hivyo, ni vijana wa Lubumbashi ndio wenye mwamba huo mlangoni mwao. Hawapaswi kusoma habari zake kwa wengine tu.

Tena si chumvi peke yake. Kuna madini ambayo mionzi ya urani na thoriamu iliyomo ndani yake imeyavunja fuwele kwa mamilioni ya miaka, hadi yakabaki na umbo la nje tu. Pairoklori, ambayo Lueshe katika Kivu Kaskazini inajulikana duniani kwa ajili yake, ni ya jamii ambayo wataalamu wameichunguza sana, kwani wanataka kutengeneza mawe ya bandia ya jamii hiyo ili yafungiwe taka. Koltani ya Manono, inayobebwa mgongoni na wachimbaji wa mikono, nayo mara nyingi huwa na urani na thoriamu kidogo. Atakayejifunza hesabu ya chumvi atakuwa na ufunguo wa kuingia katika maswali haya, ambayo ni yetu kabisa.

Naomba basi mambo matatu ndani ya lile moja.

Kikundi kianze kwa kukijenga upya kielelezo cha Jain na Lidiard, mlinganyo kwa mlinganyo, wakilinganisha majibu yao na majaribio yaliyochapishwa. Programu yao iwe wazi kwa kila mtu, na maelezo yake yaandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili hata mwalimu wa Ankoro au wa Kabalo aweze kuifundishia.

Kikundi kisiwe cha wanafizikia tu. Mjiolojia awemo, na mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, na mtu wa kusoma nyaraka za migodi ya zamani. Kila ripoti yao imalizike kwa ukurasa unaotaja mambo ambayo hesabu haikuyagusa. Ukurasa huo ungekuwepo Lyons na Asse, fedha na aibu nyingi zingeokolewa.

Na Kamisheni ikubali kwamba hesabu yoyote ya usalama itakayowasilishwa na mwekezaji wa madini yenye mionzi ipelekwe kwanza kwa kikundi hicho, ipitiwe, na majibu yake yatangazwe. Gharama ya yote haya ni mishahara michache na kompyuta chache. Ni kidogo kuliko safari za ujumbe mmoja kwenda mikutano ya atomu huko Vienna.

Sidai kwamba Kongo ijenge ghala, wala kwamba taka za wengine ziletwe hapa. Hilo nitalipinga hadi mwisho. Ninachodai ni kwamba nchi iliyotoa jiwe iwe na watu wanaojua linavyofanya kazi likishazikwa. Mwekezaji atakapofungua makabrasha yake Kinshasa na kusema, "Tumepiga hesabu, ni salama," awepo Mkongomani wa kumuuliza: mlipiga kwa joto gani, kwa kasi gani ya mionzi, na maji mliyaweka wapi? Asipokuwa na jibu, saini isubiri.

Nawasilisha kwa heshima,

Mwalimu wa fizikia,
Ankoro, Mkoa wa Tanganyika